Mashine ya Boti Inayosumbua Ikishapata Moto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye mashine za zamani za nyuma ya boti, zile za mipigo miwili ambazo oili unaichanganya mwenyewe ndani ya petroli. Mifano mingi inatoka kwenye Yamaha Enduro ya 40 na ya 15, kwa kuwa hizo ndizo utakazozikuta karibu kila diko la pwani na visiwani Ziwa Victoria, ila mwenye Suzuki, Tohatsu au Mariner ya umri huo naye atajiona humu. Lalamiko huwa moja: alfajiri inawaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili, inatoka vizuri, ikishapata moto inaanza kumisi, inaishiwa nguvu au inazima kabisa.

Fundi mmoja anasema koili ya cheche, mwingine anasema impela ya pampu ya maji, wa tatu anataka kufungua kabureta. Nianzie wapi?

Anzia kwenye saa, spana ziache kwanza. Hakikisha kwamba ni joto kweli. Mashine inayozima baada ya dakika 20 imepata moto, hilo halina ubishi, lakini ndani ya dakika hizo hizo kuna mengine yametokea. Mafuta yameshuka tankini na pengine hewa haiingii kujaza nafasi yake. Umetoka kwenye maji tulivu ukaingia mawimbini, uchafu uliolala chini ya tanki ukaamka. Umeacha mwendo wa taratibu ukafungua resi yote. Haya huja pamoja na joto, na lawama yote huenda kwa joto. Koili nzima nyingi zimetupwa kwa kosa la kizibo cha tanki.

Kutenganisha si kazi ngumu. Funga boti mahali penye kina cha kutosha mguu wa mashine uzame, iwashe, iache iungurume kwa mwendo wa chini kwa nusu saa. Itafikia joto lake la kawaida bila kunywa mafuta mengi na bila kubeba mzigo. Ikianza kumisi hapo hapo, kweli una ugonjwa wa joto: umeme, choki, au kabureta inayomwaga mafuta kupita kiasi. Ikitulia nusu saa nzima halafu ikasumbua dakika chache baada ya kufungua resi, tazama njia ya mafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu tazama inachukua muda gani kurudi. Inayorudi ndani ya dakika moja ukiminya pampu ya mkono ilikuwa na njaa ya mafuta. Inayohitaji kupumzika dakika 20 au 30, kisha ikawaka kana kwamba haikuwa na tatizo, mara nyingi ni umeme. Inayorudi lakini kamba ilikuwa nzito kuvuta, na ukifungua kofia unapokewa na harufu ya rangi iliyoungua, hiyo imekosa maji ya kupoza. Usiiwashe tena mpaka ujue kwa nini.

Inapoanza kufa nikiminya ile pampu ya mkono ya kwenye mpira wa mafuta, inafufuka. Hiyo ina maana gani?

Umekwisha kupata nusu ya jibu. Kipimo hiki ni bora kuliko vyote na hakigharimu kitu: mashine ikianza kulegea, mwenzako aminye pampu ya mkono huku wewe ukiwa na usukani. Ikipata nguvu, mafuta hayakuwa yanafika. Ikizidi kukoroma na kutoa moshi, mafuta yalikuwa yamezidi, nenda swali linalofuata. Isipobadilika hata kidogo, geukia umeme.

Mafuta yasipofika, anza na kile kiskurubu kidogo cha hewa juu ya kizibo cha tanki. Kimefungwa wakati wa kubeba, kikasahaulika. Au kimefunguliwa lakini tundu lake limezibwa na chumvi. Fungua kizibo chote. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, umemkamata mwizi. Wanaotumia dumu la kawaida badala ya tanki la mashine wana tatizo hili kila siku: dumu halina mahali pa kupumulia, likitoboka kwa msumari linapumua, mpaka siku tundu lile litakapoziba au maji ya bahari yatakapoingilia hapo hapo.

Ushike ule mpira wa pampu wakati mashine inakufa. Ukiwa umebonyea kama umenyonywa, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tanki. Ukiwa mgumu na umejaa, kizuizi kiko mbele: filta, pampu ya mafuta au kabureta. Ukiwa mlaini na unameza hewa, kuna mahali panavuta hewa, na hapo mashaka ya kwanza ni zile ringi ndogo za mpira kwenye viungio vya tanki na mashine. Mshale uliochorwa juu ya pampu lazima uelekee mashine. Usicheke, zimo boti ambazo umefungwa kinyume.

Mpira wa mafuta wenyewe ukizeeka huharibika kwa ndani. Nje unauona mzima, ndani ngozi yake imebanduka; ukipata joto la jua na la mashine unalainika, ile ngozi inavutwa na kuziba njia. Ukizima, mvuto unakwisha, inarudi mahali pake, na kesho asubuhi mashine inawaka vizuri. Hilo ndilo linalowachanganya watu. Kata kipande uangalie ndani, au ufunge mpira mpya kwa safari moja. Ukitaka kuona mapovu ya hewa, unganisha kipande kifupi cha mpira unaoonesha ndani kabla ya kuingia kwenye mashine.

Asubuhi haina tabu, ikipata moto inatoa moshi mwingi na kukoroma kwenye mwendo wa chini. Plagi zinaloa.

Mashine baridi inapenda mafuta mengi, ndiyo maana ya kuvuta choki. Ikipata moto haiyataki tena. Kwa hiyo mashine iliyo nzuri ikiwa baridi na mbaya ikiwa ya moto huenda inakula kuliko inavyohitaji. Iliyo kinyume, yaani ya shida asubuhi na nzuri mchana, inakula kidogo kuliko haja.

Toa kifuniko cha mbele ya kabureta uone kwa macho kama kile kibati cha choki kinafunguka chote. Kitufe cha nje kinaweza kurudi mpaka mwisho huku kibati ndani kimekwama nusu kwa sababu fimbo yake imepinda au ina kutu. Chumvi haiachi kitu salama. Kama choki iko huru, fungua bakuli la kabureta: sindano inayofungwa na boya imechakaa pale kwenye ncha, au chembe ya mchanga imekaa hapo, na mafuta yanaendelea kupanda. Boya la zamani nalo hunywa petroli likawa zito. Litikise karibu na sikio usikie kama kuna kitu ndani.

Skrubu ya mwendo wa chini irekebishwe mashine ikiwa imepata moto, iko majini na imewekwa gia. Kwanza izungushe ndani taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, usiikaze, uandike hesabu hiyo, halafu irudishe palepale. Kutoka hapo sogeza robo robo. Wengi huirekebisha nchi kavu kwenye pipa bila gia, wakiingia baharini inazima wakitia gia, wanamlaumu fundi.

Maji yanaruka vizuri kwenye kile kitundu cha pembeni. Mbona bado inapata moto kupita kiasi?

Kwa sababu kitundu kile kinathibitisha tu kwamba pampu inasukuma maji. Kwenye mashine nyingi maji yale yanachukuliwa njiani, kabla hayajamaliza kuzunguka silinda na hedi, yaani kifuniko cha silinda. Unaweza kuwa na mruko mzuri pembeni huku njia za juu zimejaa chumvi iliyogandamana na mchanga, au themostati, kile kizibo cha maji kinachofunguka kwa joto, imekwama imefungwa.

Kinyume chake pia hutokea: mruko hafifu, mashine ina joto la kawaida, kumbe kitundu chenyewe kimejaa chumvi au nyigu amejenga humo mashine ilipolazwa. Chukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni, wa kuvulia samaki wakubwa, ukisukume ndani mara kadhaa. Usitumie waya wa chuma, utatoboa kiungio cha plastiki kilicho nyuma yake.

Joto lipime. Vipimajoto vya kuelekezea mwanga vinapatikana kwa bei isiyotisha, na mwenye boti tatu au nne hana sababu ya kutokuwa nacho. Hedi ya mashine yenye themostati nzima hukaa kwenye nyuzi 60 na kitu. Ikikaribia 90 kuna tatizo. Pasipo kipimo, dondosha tone la maji juu ya hedi, mbali na waya: likichemka na kurukaruka, umepita 100, zima. Linganisha pia silinda ya juu na ya chini. Moja ikiwa ya moto mbali na mwenzake, njia ya maji ya upande huo imeziba, au silinda hiyo inafanya kazi peke yake huku nyingine imelala.

Chumvi iliyogandamana haitoki kwa kusuuza siku moja. Kusuuza kwa maji baridi dakika 10 hadi 15 baada ya safari ni kinga. Ikishakuwa gamba, fundi afungue kifuniko cha njia ya maji na hedi, akwangue kwa kijiti na siki, abadilishe gasketi, kisha akaze bolti akianzia katikati kwenda nje, kwa hatua. Bolti ikigoma usiilazimishe. Kukata kichwa cha bolti iliyoliwa na chumvi ni gharama kuliko gasketi yenyewe. Ipashe moto, ipe mafuta ya kulegeza, rudi kesho.

Impela ibadilishwe kila baada ya muda gani?

Kwa mashine ya kazi, mara moja kwa mwaka bila kungoja dalili. Kwenye delta ya Rufiji, ambako maji yamejaa tope, au kwa wanaopita juu ya mafungu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa, isubiri muda mfupi zaidi. Mchanga hauli impela tu, unakwaruza na kikombe cha chuma inamozungukia na bati la chini yake. Kufunga impela mpya ndani ya kikombe chenye mifereji ni kupoteza pesa: kwa resi ya juu itasukuma, kwa mwendo wa chini maji yatakuwa yanarudi.

Wakati wa kufunga, paka sabuni au grisi kidogo, na uuzungushe mhimili upande ule mashine inaozungukia ili mabawa yalale vizuri. Kile kibonge kidogo cha chuma kinachoishikilia impela kwenye mhimili kisipokaa mahali pake, utafunga kila kitu, utarudi majini, na hakuna tone litakalotoka. Na usiiwashe mashine nchi kavu "kusikia tu". Mpira unaozunguka mkavu unaungua ndani ya sekunde.

Fundi alitoa themostati akaitupa, akasema nchi zetu ni za joto haihitajiki. Ni kweli?

Hapana. Themostati haihusiani na hali ya hewa ya Tanga au Mombasa. Kazi yake ni kuzuia maji yasipite haraka mpaka silinda zifike joto la kuunguza mafuta vizuri. Bila hiyo mashine inakuwa baridi mno kwenye mwendo wa chini, plagi zinachafuka, masizi yanajaa kwenye ringi. Mvuvi anayetega mshipi kwa kuburuza, mwendo mdogo saa nyingi, ndiye anayeumia zaidi.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, pasha moto taratibu ukiwa na kipimajoto. Itaanza kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake, kwa nyingi ni kati ya 50 na 60. Isipofunguka, badilisha, ikiwa imefunguka tangu baridi, badilisha pia.

Inazima ghafla, kana kwamba mtu amevuta swichi. Hakuna dalili ya kulegea kwanza. Baada ya nusu saa inakubali.

Hapo ndipo penye haki ya kushuku umeme. Ndani ya koili na zile koili za chini ya gurudumu la sumaku kuna waya mwembamba sana. Ukikatika kwa ndani, ncha mbili zinagusana zikiwa baridi. Joto likipanda vitu vinatanuka, ncha zinaachana, cheche inakufa. Ikipoa zinagusana tena. CDI, kile kiboksi kinachoipelekea koili umeme wa cheche, nayo ina vifaa ndani ya plastiki iliyomiminwa ambavyo hushindwa kwa namna hiyo hiyo, na haifunguliwi.

Hakikisha cheche imepotea kweli. Beba plagi ya akiba. Mashine ikizima, kabla haijapoa, chomeka plagi hiyo kwenye kofia ya waya, igusishe chuma cha mashine mahali pakavu mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayokuja na kupotea, ni mgonjwa. Shika kwa koleo lenye mpini wa mpira. CDI inatoa kishindo cha kukurusha nyuma.

Kama cheche imekufa, tumia barafu ya samaki. Tia vipande ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, ufunge vizuri, uweke juu ya koili peke yake kwa dakika tano, mashine ikiwa imezimwa na bado ya moto. Ondoa, jaribu cheche. Ikirudi wakati hedi bado inachoma mkono, koili ndiyo. Isiporudi, hamishia barafu kwenye CDI. Isiporudi na huko, zimebaki koili za chini ya gurudumu, ambazo hazifikiki bila kulifungua. Kwa kipimo hiki unaingia dukani ukijua unanunua nini, na vifaa hivi dukani havirudishwi.

Kabla ya kununua, chomoa waya wa swichi ya kuzimia kwenye CDI ujaribu safari fupi karibu na ufuko. Swichi iliyoliwa na chumvi, au waya uliochubuka unaogusa chuma ukilainika kwa joto, huzima mashine vilevile. Ukiuchomoa, swichi na kamba ya usalama havitafanya kazi; utazima kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta, kwa hiyo usiwe peke yako botini. Kwangua pia waya wa bodi mpaka uone chuma cheupe. Nimeona mashine ya 15 ikibadilishiwa koili mbili mfululizo, na kilichokuwa kibovu ni bolti moja ya waya wa bodi iliyojaa unga wa kijani.

Nimepima koili kwa testa, namba ni sawa na za kwenye kitabu. Kwa hiyo iko salama?

Umeipima ikiwa baridi, na ugonjwa wako ni wa moto. Ipime tena mara tu mashine inapozima. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo koili ya omu 200 kwenye nyuzi 30 itasoma karibu 240 kwenye nyuzi 80, na hiyo ni afya yake. Namba ikiruka mpaka testa ioneshe waya umekatika, au ikichezacheza unapoisukuma kwa kidole, ndiyo hiyo. Asiyetaka kupima baharini anaweza kuipasha mezani kwa kikaushia nywele huku testa imeunganishwa. CDI testa ya kawaida haiwezi kuihukumu kwa uhakika. Inahukumiwa kwa kuondoa vingine vyote, au kwa kuazima nzima.

Plagi zinaniambia nini?

Mengi, ila uzisome kwa wakati wake. Ukitembea dakika kumi kwa mwendo wa chini kurudi ufukweni halafu ukazifungua, unasoma mwendo wa chini. Zima ukiwa kwenye resi ya tatizo, ufungue hapo hapo. Kahawia ya maziwa ya chai ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, yenye vidoadoa, inakula kidogo au inapata moto mno: usiendelee. Nyeusi yenye unyevu kwa silinda moja tu maana yake silinda hiyo haikuwa inafanya kazi. Na plagi iliyo safi kama iliyooshwa, pembeni mwa mwenzake mwenye rangi, imeoshwa kweli: maji yanaingia silinda, gasketi ya hedi imekwenda.

Namba ya plagi ifuate kitabu. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, B8 ni baridi kuliko B7. Plagi ya moto kuliko inayotakiwa kwenye mashine yenye mzigo hutoboa pistoni.

Oili kiasi gani? Wazee wanasema ikizidi ndiyo inalinda.

Nyingi za mashine hizi, zikishavuka kipindi cha kuzoea, zinaelekezwa 50 kwa 1: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Mpya au iliyofanyiwa injini yote huanza na 25 kwa 1, yaani mililita 800. Soma kibandiko au kitabu cha mashine yako.

Ikizidi, plagi na njia ya moshi vinajaa masizi. Na kuna jambo wengi hawalifikirii: oili ikichukua nafasi ndani ya mafuta, petroli inayopita kwenye kabureta inapungua, na mashine inakula kidogo kuliko unavyodhani. Ikipungua, pistoni inapanuka, inakwaruza, inakamata. Dalili yake ni mashine inayolegea taratibu kwenye resi ya juu kama inashikwa mkono, kisha inasimama na kamba haivutiki.

Nunua oili yenye alama TC-W3, ya mashine za majini. Oili ya pikipiki za mipigo miwili imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na upepo, na majivu yake hujikusanya juu ya pistoni. Ya gari usiifikirie. Pima kwa chombo chenye namba, kwa sababu "kifuniko kimoja" cha huyu si cha yule.

Petroli iliyochakachuliwa inaweza kuleta tatizo hili?

Sana. Tanzania kupitia EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kutia vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini mafuta ya boti mengi hupita mikononi: kutoka kituoni, kwenye madumu, kisiwani, dukani kwa mtu. Petroli yenye mafuta ya taa inawaka asubuhi kwa taabu, ikibeba mzigo inagongagonga na joto linapanda. Jaza chupa safi uitazame kwenye mwanga. Maji yataonekana chini yakijitenga. Mafuta ya taa hayajitengi, lakini tone kwenye karatasi litakuambia: petroli safi hukauka upesi, yenye taa huacha doa la mafuta.

Hayo hayahusu zile Yamaha za EK, zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa. Hizo huwashwa kwa petroli, zikipata moto ndipo hugeuzwa, na kabla ya kuzima zinarudishwa kwenye petroli ili kabureta isibaki na taa. Ukisahau hilo la mwisho, utavuta kamba asubuhi mpaka bega liume.

Inatembea vizuri, ila nikiizima ikiwa ya moto haiwaki tena.

Ukizima, pampu ya maji inasimama lakini chuma kina joto lake, nalo linapanda mpaka kwenye kabureta. Petroli iliyo kwenye bakuli inachemka, mvuke unajaa ndani. Usivute choki. Fungua resi kidogo, vuta. Ikiwa imeloa, fungua resi yote, vuta mara kadhaa mpaka mvuke utoke, halafu rudisha resi. Inua kofia ya mashine dakika chache ipumue. Tanki lifunike kwa gunia bichi; dumu jeusi kwenye jua la saa saba linachemsha mafuta kabla hata hayajafika kwenye mashine.

Ikiendelea kila siku, pima cheche kwa kasi ya kamba. Koili zinazochoka hutoa cheche ya kutosha mashine ikizunguka kwa kasi, lakini si kwa mkono.

Kompresheni ipimwe ikiwa baridi au ya moto?

Zote mbili. Plagi zote nje, waya za plagi zigusishwe bodi, resi wazi yote, vuta mpaka mshale wa kipimo usimame. Mashine hizi zenye afya husoma kwenye mia na kitu za PSI. Muhimu zaidi ni silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 hivi. Inayosoma vizuri baridi ikaanguka sana ya moto ina ringi zilizokwama au silinda iliyokwaruzwa, na hapo maswali ya koili na kabureta yafunge.

Mashine inalia kwa nguvu, resi inapanda, lakini boti haiendi.

Hilo si la injini. Ndani ya propela kuna mpira unaounganisha kitovu na mabawa. Ukizeeka unateleza ukipata mzigo na joto, ukipumzika unashika tena. Chora mstari mmoja kwa rangi ya kucha kutoka kitovu cha ndani hadi sehemu ya nje, nenda safari, rudi uangalie. Mistari ikiwa haikutani, peleka propela.

Sisi ni wa ziwani, hatuna chumvi.

Mna gugu maji. Mizizi yake na mifuko ya plastiki hukaa kwenye matundu ya kuingizia maji mguuni. Mruko wa pembeni ukipungua ghafla, zima, inua mguu, safisha. Yaliyobaki ni yale yale.

Imepata moto sana. Niimwagie maji?

Usimwage. Chuma cha moto kikipata maji baridi ghafla kinapinda au kinapasuka. Tia nanga, fungua kofia, ngoja. Ikipoa, izungushe taratibu kwa kamba bila plagi. Ikizunguka laini, unaweza kujaribu kurudi kwa mwendo mdogo baada ya kuona maji yanatoka. Ikikwaruza, tweka tanga au omba kuvutwa.

Niendelee kuitengeneza au nihamie ya mipigo minne?

Kompresheni ikiwa nzuri na bodi haijaliwa, itengeneze. Impela, themostati, mpira wa mafuta, plagi na koili kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya mashine nyingine, na fundi wa kuzifunga yupo karibu kila diko. Ya mipigo minne inakunywa kidogo na hutachanganya oili, hilo ni la kweli na kwa mwenye kusafirisha abiria kila siku hesabu inaweza kumpendelea. Lakini ni nzito zaidi kwa nguvu ile ile, na mashua nyingi za mbao zilipigwa ubao wa nyuma kwa uzito wa mashine nyepesi. Kabla hujalipa chochote, piga ubao huo kwa nyundo kuanzia juu hadi kwenye mstari wa maji usikilize kama kuna mahali panalia butu.